Rubani yupi kwa ndege ipi? Historia ya mstari mdogo ndani ya leseni

Huku mashariki ya Congo hata mtoto wa kambini anajua ndege kwa mlio wake. Mi-8, ile helikopta kubwa ya MONUSCO, anaisikia kabla haijaonekana. Caravan yenye injini moja, ambayo huleta dawa na wafanyakazi wa misaada, ina sauti nyembamba. Antonov ya mizigo ikipita chini, mabati yanatetemeka. Shabunda, Punia, Walikale, na mahali pengine pengi ambapo barabara imekatika kwa matope ao kwa vita, ndege ndiyo lori, ndiyo basi, ndiyo ambulansi. Na uwanja wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, wakati M23 ilipoingia mjini, familia nyingi ziliona kwa macho yao namna dawa na chakula vinavyochelewa ndege isipotua.

Lakini kuna swali ambalo hatuulizi sana. Yule mtu aliyekaa mbele, rubani, ao piloti kama wengi wetu tunavyosema, nani alimpima? Na alipimwa kwa ndege ile ile anayoiendesha leo, ao kwa ndege nyingine kabisa?

Swali hilo lina historia ya zaidi ya miaka mia moja. Kipande kimoja cha historia hiyo kilipita hapa kwetu, juu ya mto Congo. Kipande kingine kiliandikwa kwa damu ndani ya masoko yetu.

Leseni si neno moja

Tuanze na barabara, maana barabara wote tunaijua. Motari wa Bukavu mwenye permi ya pikipiki, hakuna tajiri atakayemkabidhi Fuso iliyojaa maharagwe ateremke nayo Ngomo kwenda Uvira. Motari ni dereva, na mwenye Fuso ni dereva, lakini uzito, breki na ujuzi wa kazi havifanani. Ndiyo maana permi inaonyesha gari gani mtu anaruhusiwa kuendesha.

Angani ni vilevile, ila hatua ni nyingi zaidi. Kwanza leseni inasema kiwango cha kazi: rubani wa binafsi, ambaye haruhusiwi kulipwa kwa kurusha, rubani wa biashara, na rubani wa mashirika makubwa, ambaye anaweza kuwa nahodha wa ndege kubwa ya abiria.

Kisha inasema kundi la chombo. Ndege yenye mabawa ni kundi moja, helikopta ni kundi jingine, ndege isiyo na injini ni jingine, na puto la hewa ni jingine. Mtu anaweza kuwa fundi mkubwa wa helikopta na asiwe na ruhusa hata ya kuzungusha kindege kidogo cha watu wawili.

Ndani ya kundi kuna daraja. Kwa ndege zenye mabawa ambazo rubani mmoja anatosha, madaraja ya kimataifa ni manne: injini moja ya kutua nchi kavu, injini moja ya kutua majini, injini nyingi ya nchi kavu, na injini nyingi ya majini.

Na juu ya daraja kuna modeli. Ndege ambayo lazima iwe na marubani wawili haihesabiwi tena kwa daraja. Rubani anaisomea kwa jina lake na kufanya mtihani kwa jina lake. Helikopta nazo kwa kawaida zinaandikwa kwa modeli, moja moja. Ruhusa hizi hazidumu milele: muda uliowekwa ukipita, mtu anapimwa tena, na daktari naye anampima macho, masikio na moyo.

Huo ndio mstari mdogo ndani ya leseni. Abiria hauoni, lakini maisha yake yamekaa juu yake.

Ndege za majini juu ya mto Congo

Mwanzoni mstari huo haukuwako. Mwaka wa 1909, chama cha wapenda ndege cha Ufaransa, Aéro-Club de France, kilianza kutoa hati kwa marubani, na hati namba 1 ilikwenda kwa Louis Blériot. Ilikuwa karatasi ya klabu, siyo ya serikali. Ilisema tu: huyu anaweza kuruka.

Vita ya kwanza ya dunia ilileta ndege maelfu, na vita ilipokwisha serikali ziliona kwamba haziwezi kuwaachia wapenda michezo kazi hii. Tarehe 13 Oktoba 1919, mjini Paris, zilitia sahihi mkataba wa kwanza mkubwa wa anga. Humo ziliweka masharti ya chini ya rubani: mitihani ya kuruka na uchunguzi wa daktari. Tangu hapo leseni ikawa neno la serikali kwa serikali nyingine.

Mwaka uliofuata, 1920, Wabelgiji walianzisha hapa Congo safari za ndege za mfalme Albert, kwa kifupi LARA. Hakukuwa na viwanja, kwa hiyo mto wenyewe ulikuwa uwanja. Walitumia ndege za Lévy-Lepen zenye tumbo kama mtumbwi, zikaanzia Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, na kufikia mwaka wa 1921 zilikuwa zinafika Stanleyville, Kisangani yetu ya leo. Ni kama kilometa 1,700 za mto. Mwaka wa 1922 safari hizo zilisimama.

Mvuvi yeyote wa Kisangani anaweza kueleza kwa nini kutua majini ni kazi ya pekee. Ndege juu ya maji haina breki. Upepo unaisukuma, mkondo unaibeba. Gogo moja linaloelea linaweza kupasua tumbo lake. Na asubuhi mto ukitulia kama kioo, rubani akiangalia chini anaona mawingu, hajui kama yuko mita 20 ao mita 2 juu ya maji. Rubani aliyezoea uwanja wa udongo hajui hata kimoja cha hivi. Ndiyo sababu hadi leo leseni inatenga maji na nchi kavu.

Jambo la pili, wingi wa injini, nalo lilipita kwetu mapema. Mwaka wa 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry alitoka Bruxelles na kufika Léopoldville kwa ndege ya Handley Page yenye injini tatu. Alitumia siku 51. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1929, alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ziwa Tanganyika, alipokuwa anatafuta njia za ndege za ndani ya koloni.

Watu wengi wanafikiri kwamba injini zaidi ni usalama zaidi, basi. Ni kweli, lakini kwa rubani aliyefundishwa tu. Ndege yenye injini mbili, moja kila bawa, ikipoteza moja wakati wa kuruka, ile nyingine inaendelea kusukuma upande mmoja. Pua ya ndege inageuka kuelekea upande uliokufa, bawa linaanguka, na yote hayo ni sekunde chache, karibu na ardhi. Rubani lazima akanyage pedali ya usukani wa mkia kwa nguvu, atambue injini gani imekufa, asizime ile iliyo hai kwa makosa, na achunge mwendo usishuke. Mtu aliyejifunza kwa injini moja hajawahi kukutana na jambo hilo. Kwa hiyo sheria ikasema: injini nyingi ni daraja lake, na mtihani wake.

Chicago, kisha Congo

Mwezi Desemba 1944, vita ya pili ikiwa bado inaendelea, mataifa 52 yalitia sahihi mkataba mpya mjini Chicago. Ndio ulioanzisha shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Mwaka wa 1948 shirika hilo likatoa kiambatisho namba 1 cha mkataba, kinachohusu leseni za watu wa ndege. Kimerekebishwa mara nyingi sana tangu hapo, lakini ndicho kinachosimamia makundi, madaraja na modeli mpaka leo. Congo yetu, baada ya uhuru, iliingia ICAO mwaka wa 1961.

Mkataba wa Chicago una neno moja ambalo linatuhusu sana. Ndege inayokwenda nchi za nje, rubani wake lazima awe na leseni iliyotolewa, ao kukubaliwa, na nchi ambako ndege imeandikishwa. Ndege zetu zina alama ya 9Q. Rubani akija na leseni ya Urusi, ya Ukraine, ya Kenya ao ya Ubelgiji, kabla hajashika 9Q kwa safari hiyo, Kinshasa ndiyo inapaswa kuangalia leseni yake na kusema ndiyo ao hapana. Na nchi nyingine nazo zinaikubali leseni yetu ikiwa tu tunafuata masharti ya chini yaliyowekwa.

Maana yake ni kwamba leseni ina nguvu sawa na ofisi inayoitoa. Ofisi ikiwa haina wakaguzi wala magari, ao ikikubali kusukumwa, karatasi inabaki karatasi.

Jina lile lile, ndege tofauti

Sheria za leseni zimekuwa zikibadilika, na mara nyingi kilichozibadilisha ni vifo.

Tarehe 12 Novemba 1996, ndege mbili kubwa ziligongana hewani karibu na Delhi, India, moja ya Saudia na nyingine ya Kazakhstan. Watu 349 walikufa. Kati ya mambo yaliyoonekana ni namna wafanyakazi wa ndege ya Kazakhstan walivyopata shida kuelewana na watu wa mnara. Baadaye ICAO iliweka kipimo cha lugha cha ngazi 6. Tangu Machi 2008, rubani wa safari za kimataifa anatakiwa kufika angalau ngazi ya 4, na jambo hilo linaandikwa ndani ya leseni yake.

Mwaka wa 2006 ikaja leseni mpya kabisa, ya rubani wa kikosi. Badala ya kumfundisha mtu miaka mingi peke yake katika kindege kidogo, anafundishwa tangu mapema kufanya kazi ya watu wawili, kwa sehemu kubwa ndani ya simuleta, ile mashine inayoiga ndege bila kuondoka chini. Kuna wanaoisifu, na kuna wanaosema saa za hewani ni chache mno. Mabishano hayo hayajaisha.

Funzo lililo wazi zaidi ni la Boeing 737 MAX. Kwenye leseni, MAX iliandikwa pamoja na 737 za zamani, modeli moja. Marubani waliokuwa wanaendesha zile za zamani walipewa masomo ya saa chache kwenye tableti, bila kupita ndani ya simuleta. Lakini MAX ilikuwa na programu mpya ambayo ingeweza kusukuma pua ya ndege chini yenyewe, na marubani hawakuwa wameelezwa. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia, watu 189 wakafa. Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kuruka, watu 157 wakafa. Kati yao, Wakenya ndio walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote.

Ndege hizo zilizuiliwa dunia nzima. Zilipoanza kuruhusiwa tena Novemba 2020, Marekani iliweka sharti kwamba kila rubani wa MAX apite kwanza ndani ya simuleta. Marubani wale walikuwa na leseni halali. Kilichokosekana ni ukweli wa mstari ule: ulisema ndege ni moja, kumbe zilikuwa mbili.

Masoko yetu

Sasa turudi nyumbani. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka wa 1991, ndege nyingi za kule, hasa Antonov, zilitafuta kazi Afrika. Zilikuwa ngumu, za bei ndogo, na zinaweza kutua penye udongo. Zilikuja na marubani wao. Wengi walikuwa mabingwa. Lakini kuwaandikisha na kuwakagua ilikuwa kazi ya serikali zetu, na wakati ule serikali yetu ilikuwa inadhoofika.

Tarehe 8 Januari 1996, Antonov 32 ilishindwa kuruka katika uwanja wa Ndolo, mjini Kinshasa. Ilikuwa imebeba mzigo kupita kiasi. Ilipita mwisho wa uwanja na kuingia ndani ya soko la Simbazikita. Zaidi ya watu 200 walikufa, karibu wote wakiwa wachuuzi na wanunuzi. Marubani wawili Warusi waliokoka na kuhukumiwa. Mahakamani ilielezwa kwamba safari ile ilikuwa inatumia vibali vya kuazima vya kampuni nyingine.

Vibali vya kuazima. Kanuni zote tulizoeleza hapo juu, tangu Paris mpaka Chicago, hazina kazi mahali ambapo karatasi inaazimwa kama jembe.

Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha yake ya kwanza ya makampuni yanayokatazwa kuingia anga zake, na Congo ilikuwa ndani. Watu wengi walilia kwamba tunaonewa. Lakini sababu iliyotolewa haikuwa kwamba marubani wa Congo hawajui kazi. Ilikuwa kwamba mamlaka yetu haina uwezo wa kuyasimamia makampuni yenyewe.

Tarehe 4 Oktoba 2007 Antonov 26 iliyotoka N'djili kwenda Tshikapa iliangukia nyumba za Kingasani, na watu wapatao 50 walikufa. Waziri wa usafiri alifukuzwa kazi. Miezi sita baadaye, tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma, kwenye uwanja ambao lava ya Nyiragongo ilikuwa imeukata mwaka wa 2002, ikaingia Birere. Watu wapatao 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Novemba 2019 Dornier ya Busy Bee iliangukia nyumba za Goma, karibu na mahali pale pale, na zaidi ya watu 20 wakafa.

Hatusemi kwamba ajali hizi zote zililetwa na leseni. Kila moja ina sababu zake: uzito, injini, urefu wa uwanja, hali ya hewa. Tunasema kwamba leseni, uzito na injini vinakaguliwa na mkono ule ule wa serikali, na mkono huo ukilegea, vyote vinalegea pamoja.

Tarehe 31 Desemba 2010 nchi ilipata sheria mpya ya usafiri wa anga. Kazi ya kusimamia leseni na kukagua makampuni iko mikononi mwa mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, na RVA ina kazi yake ya viwanja na ya kuongoza ndege. Hiyo ilikuwa hatua. Lakini makampuni ya Congo yamebaki kwenye orodha ya Ulaya miaka mingi baada ya sheria hiyo, maana kinachohesabiwa ni wakaguzi wanaofika uwanjani.

Rubani ambaye hayumo ndani ya ndege

Mabadiliko ya karibuni nayo tuliyaona hapa mapema. Desemba 2013, Goma ndiyo iliyokuwa mahali pa kwanza ambapo Umoja wa Mataifa ulirusha droni zake za kuangalia. Watu walijiuliza: kitu hicho kinaendeshwa na nani? Ni rubani ao ni fundi wa kompyuta?

ICAO ilijibu mwaka wa 2018, ilipoingiza katika kiambatisho namba 1 leseni ya rubani wa mbali, ianze kutumika Novemba 2022. Wazo ni lile la mwanzo: anayeendesha chombo juu ya vichwa vya watu apimwe kwa chombo hicho hicho, hata kama yeye mwenyewe amekaa chini.

Tunachoweza kuuliza

Abiria haruhusiwi kuingia mbele na kumwambia rubani atoe leseni. Hata akiiona, hataisoma. Lakini kuna mambo ambayo kila mtu anaweza kuyaona. Ukipimwa kilo pamoja na mfuko wako kabla ya kupanda Caravan, usikasirike. Ni dalili ya rubani anayehesabu. Ukiona watu wamekaa juu ya magunia, hakuna mkanda, ao mzigo haukufungwa, jua kwamba anayeruhusu hayo hawezi kuwa mkali kwa karatasi. Angalia jina la kampuni na alama ya 9Q, uziandike. Ukiwa na simu, mtumie ndugu yako.

Mengine ni ya kuuliza pamoja. Wakaguzi wa leseni wako wangapi katika majimbo ya mashariki? Mara ngapi kwa mwaka wanafika Bunia, Bukavu, Kindu ao Kisangani? Rubani mgeni akifika, nani anathibitisha leseni yake na nchi iliyoitoa, na kwa siku ngapi? Mbunge yeyote anaweza kuyapeleka maswali hayo bungeni, na sisi wa redio tutaendelea kuyauliza kwenye kipaza sauti.

Yasiachwe kwa wenye tikiti peke yao. Simbazikita, Kingasani na Birere, wengi waliokufa walikuwa chini, sokoni na nyumbani kwao.